Opereta Aliyejisifu

Wageni walimpenda Opereta kabla hawajamwona, naye alihakikisha hawamwoni kamwe. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi ya hoteli yetu huko Diani, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya miavuli, na kutoka humo alipokea simu zote za nje na kuziunganisha: vyumbani, jikoni, kwa meneja, kwa dobi, kokote. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu. Alitamka kila silabi kana kwamba anaiwekea mto wa kulalia. Akikwambia "Subiri kidogo tafadhali," ulisubiri, na wengine nadhani walitumai wangesubiri zaidi.

Mzee mmoja Mjerumani, aliyekuwa na desturi ya kuja kila mwaka mvua zikishakwisha, aliniletea mapokezi kasha la chokoleti akaniomba nimwitie mwenye sauti ile. Nilimpigia Opereta simu, ingawa alikuwa nyuma ya ukuta. Akaniambia nimpe mzee simu aongee naye. Akamweleza, kwa Kijerumani chake cha kuokoteza na kwa sauti ile ile, kwamba Opereta amekwenda likizo na anayezungumza ni dada yake. Mzee akaamini. Akamsalimia dada, akaacha chokoleti, akaenda zake ufuoni akiwa na furaha. Opereta alizila zote mchana huohuo, ameshavua viatu. Nilipomuuliza kwa nini hakutoka hata kumpungia mkono, alinijibu kwamba yule mzee ana mwanamke mzuri kichwani mwake. "Nikitoka nitamuua yule mwanamke," alisema, "nami sitaki kesi."

Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini halikutumika. Sote tulimwita Opereta, na Bi Opereta tukiwa na shida. Yeye naye hakumwita mtu kwa jina. Aliwaita watu kwa namba za simu zao za ndani. Mpishi mkuu alikuwa Ishirini na Mbili. Fundi wa bomba alikuwa Kumi na Saba. Mtunza bustani, mzee mpole wa Kinango, hakuwa na simu, basi alimwita Hayupo. Na mimi, kwa kuwa mapokezi ni namba sifuri, nilikuwa Sifuri. Mama yangu alipokuja siku moja kutoka Msambweni kuona mwanawe anafanya kazi wapi, Opereta alimpa shikamoo ya heshima zote, akampa kiti, akanimwagia sifa: huyu Sifuri wako ni kijana mzuri sana, mama, Mungu akuwekee. Mama alishukuru kwa adabu. Hajarudi tena hotelini.

Kilichoshangaza kuliko vyote ni namna alivyojisifu. Si kwamba alijisifu mbele ya watu ili wamsikie. Alijisifu mwenyewe kwa mwenyewe, na sisi tukawa tunasikia kwa bahati mbaya. Kila asubuhi aliingia, akavua buibui lake na kulitundika kwenye msumari, akajitazama kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni, kisha akajisemesha kama anavyomsemesha mgeni wa daraja la juu. Umeamka vizuri, bibi. Sura ipo. Sauti ipo. Akili ndiyo hiyo tuliyonayo, itatosha. Kuna siku alijiambia kwamba lau angekuwa mwenye hoteli, mtu wa kwanza kumpandisha cheo angekuwa yeye. Kisha akajishukuru.

Mwanzoni nilidhani ana matatizo. Baadaye niligundua kwamba ana matatizo kama sisi sote, ila yeye alikuwa na mtu wa kumfariji karibu.

Chini ya meza ya swichibodi, ule mtambo wa kuunganishia simu, aliweka beseni la maji baridi. Siku zikiwa nzito, simu zikigongana na wageni wakifoka, alivua viatu na kuzamisha miguu. Juu ya meza sauti ilikuwa asali, chini ya meza miguu ilikuwa inachapa maji kama bata. Alikuwa na imani yake kwamba wasiwasi wa mtu hauanzi kichwani, unaanza miguuni, kwa sababu miguu ndiyo inayotaka kukimbia. Ukiipoza, habari haifiki juu. Sijui kama daktari yeyote angekubaliana naye. Nilijaribu mara moja nikapata mafua.

Asidhani mtu kwamba namweleza malaika. Alikuwa mwongo wa starehe. Aliwaambia wageni kwamba ameishi Ulaya, wakati safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya harusi Voi, na hiyo nayo alirudi kabla ya chakula kwa sababu ya kutapika garini. Alipokea simu za watu wote, na japo aliapa kwamba hasikilizi, alijua nani ana mke wa pili na nani anadanganya kuwa mgonjwa. Siri kubwa alizifunga moyoni na hakuzitoa hata kwa kuchokozwa. Siri ndogo alizitoa kwa sahani ya viazi karai. Aliswali kwa wakati, kisha akakunja mkeka na kuendelea kumsema mtu pale alipoachia. Na kwa jinsi alivyojigamba kwamba hababaiki na kiumbe yeyote aliyezaliwa na mwanamke, aliogopa tumbili. Tumbili mmoja wa Diani akikaa kwenye ukuta wa nyuma na kumtazama tu, Opereta hakutoka chumbani mpaka Hayupo aje na fagio.

Kwa hiyo hoteli ilipouzwa, yeye alijua kabla ya mtu yeyote. Aliziunganisha mwenyewe simu za wanunuzi. Ilikuwa siri kubwa, akaifunga. Sisi tuliona tu kwamba maji ya beseni yanabadilishwa mara nyingi, kwamba viazi karai havimtoshi tena, na kwamba asubuhi anajisifu kwa muda mrefu zaidi. Habari zilipotoka rasmi, na watu wakalia wazi jikoni, mpishi mkuu alimwendea akamuuliza kwa hasira kwa nini hakutuambia. Alimjibu kwamba angetuambia tungekuwa na miezi kadhaa ya kutolala, na sasa amelala mtu mmoja tu vibaya badala ya sitini. Mpishi mkuu, mtu wa Murang'a asiye na mzaha, alirudi jikoni akamletea supu.

Wamiliki wapya walikuja na meneja mpya kutoka Nairobi, kijana mwembamba avaaye viatu bila soksi, na mkufunzi wa kutufundisha kukabiliana na mabadiliko. Tulikusanywa ukumbini. Mkufunzi, mama mwenye sauti ya upole iliyolipiwa, alituambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tuwaze tuko ufuoni, mchanga mweupe, mawimbi yanakuja na kurudi. Hayupo aliinua mkono huku macho yamefumbwa. Akauliza kwa adabu kama ni ufuo huu wa nje au mwingine, kwa maana huu wa nje umejaa mwani na hajaufagia tangu alfajiri kwa sababu ya mkutano. Opereta alicheka mpaka akatolewa nje. Nilimsikia akicheka huko barazani, na kicheko chake, tofauti na sauti yake, kilikuwa cha punda.

Kisha tukaambiwa kila mtu aombe upya kazi yake mwenyewe. Watu waliofanya kazi miaka na miaka waliitwa mmoja mmoja kuhojiwa kana kwamba wametoka barabarani. Opereta alitusimulia mahojiano yake kila siku kwa wiki nzima, na kila siku aliyashinda kwa mabao mengi zaidi. Ila jambo moja halikubadilika katika masimulizi yote, ndiyo maana naliamini. Alipoulizwa anajiona wapi miaka mitano ijayo, aliwajibu kwamba anajiona amekaa nyumbani kwake Matuga, anaulizwa na majirani walikwenda wapi wale waliokuwa wakiuliza maswali.

Hawakumfukuza. Walifanya jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Waliing'oa swichibodi, kwa kuwa wageni sasa wana simu zao mfukoni, wakaipakia kwenye pikapu pamoja na magodoro mabovu. Yeye wakampeleka kwenye kibanda cha taulo kando ya bwawa la kuogelea, agawe taulo safi na kupokea zilizolowa. Mwanamke aliyekuwa sauti tupu kwa miaka yote hiyo alitolewa nje, juani, awe mwili. Alivalishwa fulana ya manjano yenye picha ya kasa. Kilemba alichojifunga kichwani alikitafutia rangi ya manjano inayogombana na ile ya fulana, nadhani kwa makusudi.

Siku za kwanza hakusema neno. Alitoa taulo, akapokea taulo. Mimi nilimpitia kila nikitoka zamu, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mdomo bila sauti. Kioo chake kilibaki kwenye msumari wa chumba cha zamani, ambacho sasa kilijazwa miavuli tena. Nilikichukua nikampelekea. Alikitazama upande wa nyuma, akakiweka chini ya rundo la taulo.

Nilikuwa nahitaji azungumze kwa sababu zangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwisha. Mapokezi yalikuwa yameletewa mtambo mpya wa kompyuta ambao kila mtu aliuelewa isipokuwa vidole vyangu. Niliwapa familia mbili chumba kimoja, wakakutana humo mmoja wao akiwa na sabuni mwilini. Mikono ilianza kunitetemeka nikimwona mgeni anakuja na begi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mwezi ukiisha narudi Msambweni kumsaidia mjomba kuuza nazi, na kumbe nazi zenyewe sizipendi.

Meneja Mpya alikuwa na mkutano wa kila asubuhi nyuma ya jikoni. Hapo alimchagua mtu mmoja akamfanya mfano. Alikuwa ametutungia salamu moja, ambayo kila mfanyakazi alipaswa kuisema mkono ukiwa kifuani na meno yakiwa nje: Karibu nyumbani kwako pa pili, jina langu ni fulani, na furaha yako ndiyo furaha yangu leo. Kwa wageni tuliisema kwa Kiingereza. Kwake aliitaka kwa Kiswahili, apime kama imetuingia moyoni.

Asubuhi ile alinichagua mimi. Nikasimama mbele, mkono kifuani, nikaanza. Nilifika kwenye nyumbani kwako nikasahau pa ngapi. Akaniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii nilisahau jina langu mwenyewe, nikakwama kwenye "jina langu ni" kama gari lililokwama mchangani. Watu wakatazama chini. Akasema tena, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: "Rudia." Nilifungua mdomo pakatoka hewa. Nilijua kabisa kwamba nikitoka hapo sirudi, si siku hiyo tu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye majaba ya taka. Karibu nyumbani kwako pa pili. Ilikuwa sauti ya simu, yenyewe, taratibu, kila silabi na mto wake. Sote tuligeuka. Opereta alikuwa amesimama na taulo zake begani, mkono juu ya yule kasa wa kifuani, akimtazama meneja kwa tabasamu tulilofundishwa. Akaimaliza salamu yote. Meneja akamwambia ahsante mama, lakini nazungumza na huyu.

"Nimesikia, bwana meneja," alisema. "Nakukaribisha tu."

Akaisema tena, kwa Kijerumani. Kisha kwa Kitaliano, au kitu kilichovaa nguo za Kitaliano. Kisha kwa Kidigo, na hapo ikageuka tamu hata wapishi wakatabasamu. Meneja alifungua mdomo kusema jambo, akakaribishwa tena. Kisha Hayupo, mtu ambaye tangu lile swali la ufuo hatukumsikia akisema maneno zaidi ya matano kwa mpigo, akaweka mkono kifuani akamkaribisha kwa Kiduruma. Mpishi mkuu akafuata kwa lugha ya kwao, uso umekunjamana kama anasoma hukumu. Wahudumu wa vyumba wakaingia. Mwishowe wafanyakazi wote walikuwa wamemzunguka kijana yule, mikono vifuani, meno nje, wakimwambia kwamba furaha yake ndiyo furaha yao leo, tena na tena, bila hata mmoja kumvunjia heshima. Hapakuwa na kosa la kumwadhibia mtu. Salamu alikuwa ameitunga mwenyewe. Aliitazama simu yake, akasema mkutano umekwisha, akaondoka upande ambao si wa ofisini kwake.

Nilimfuata Opereta kibandani kumshukuru. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Hakunipa nafasi. Alisema hakufanya lolote kwa ajili yangu; ni kwamba nilikuwa naichinja ile sentensi kwa kisu butu naye akashindwa kuvumilia. Kisha akakaa juu ya kreti la soda, na hapo nikaona kwamba chini ya kaunta aliweka lile beseni, na kwamba miguu yake, aliyokwisha kuizamisha, inatetemeka hata maji yanamwagika sakafuni.

Nikamwambia mbona pale mkutanoni hakuonekana kuogopa.

"Watu wanaona nusu ya juu, mwanangu," alisema. "Ya chini ni yangu mwenyewe."

Akanisimulia kwamba siku yake ya kwanza kwenye swichibodi alikuwa akiogopa simu kiasi cha kuifunika kwa kanga ikilia. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza. Aliyekuwa akimfundisha alimwita ng'ombe. Akaona kwamba akingoja mtu aje amsifu atazeeka, basi akaanza kujisifu mwenyewe. Nilimuuliza kama aliamini aliyokuwa akijiambia. Alinitazama kana kwamba nimempa taulo lililolowa na kumwambia ni kavu. Ilikuwa uongo mtupu, alisema. Lakini yeye ni mwongo hodari, na baada ya miaka kadhaa alijidanganya akadanganyika. Hakuona ajabu yoyote hapo.

Kisha akatoa kioo chini ya taulo, akakiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya jua, akajitazama. Akasema sura ipo, ila hii manjano imetuonea.

Mimi sikurudi Msambweni. Sitasema niliponywa siku ile. Mikono iliendelea kunitetemeka kwa muda, ila nilijifunza kuiweka chini ya kaunta. Mtambo wa kompyuta niliuzoea polepole, kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi. Meneja Mpya aliacha kuchagua watu wa mfano. Kwa haki yake niseme kwamba hakuwa mtu mbaya; siku moja nilimkuta kwenye ngazi za nyuma amejiinamia, simu sikioni, mtu fulani wa Nairobi akimwambia arudie jambo.

Opereta hakudumu. Mvua zilipoanza na wageni wakapungua, mikataba ya wengi haikuongezwa, wake ukiwa wa kwanza. Wengine walisema ni ule mkutano. Yeye alisema hapana, ni kwa sababu taulo hazihitaji mtu mwenye sauti. Aliondoka na kioo na beseni, akiwa amevaa ile fulana ya kasa, ambayo alikataa kuirudisha. Alisema wamfuate Matuga wamvue.

Niliingiwa na hofu juu yake. Nilimpigia simu mara kadhaa, akawa hapokei, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akipokea. Watu walisema wamemwona sokoni, amekonda. Wengine walisema anaumwa na presha, hapati usingizi. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza alinikaribisha chai, akakaa ananisikiliza tu, naye hakuwahi kuwa msikilizaji isipokuwa kwa simu za watu wengine. Hakujisifu hata mara moja. Nilirudi Diani roho imenishuka.

Kisha siku moja nilikuwa Kona ya Musa nikinunua chaja, nikasikia kutoka kwenye spika, juu ya mkokoteni wa muuza dawa, sauti ikisema: panya, mende, kunguni. Nilisimama na chaja mkononi. Ilisema taratibu, kwa heshima, kwamba ikiwa ndani ya nyumba yako una wageni ambao hukuwaalika, usihangaike, ndugu mpendwa, tupo kwa ajili yako. Ilisema neno kunguni kwa upole ambao kunguni hajawahi kuupata tangu aumbwe. Watu walikuwa wamesimama kusikiliza tu, na mwanamke mmoja wa bara, mfuko wa mchele kichwani, alinunua pakiti tatu huku akikiri kwamba kwake hakuna panya. Muuza dawa aliniambia amemlipa mama mmoja wa Matuga amrekodie, na tangu hapo anamaliza mzigo kabla ya adhuhuri.

Hiyo rekodi ndiyo iliyomfikisha kwingine. Kuna redio ndogo pale Ukunda, iko juu ya duka la mabati na misumari, ambayo mapato yake makubwa ni matangazo ya vifo. Mtangazaji wao wa tanzia alikuwa amehamia Mombasa. Mwenye redio alinunua dawa ya mende, akauliza sauti hiyo ni ya nani.

Opereta alinipigia simu yeye mwenyewe siku iliyotangulia kuingia kwake redioni. Sikumtambua. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyefichwa ndani ya kabati. Aliniuliza kama naweza kuomba ruhusa kazini asubuhi ya kesho yake, kwa sababu anahitaji mtu wa kukaa nje. Sikuelewa nje ya nini, lakini niliomba.

Tulikwenda kwa tuktuk. Alikuwa amevaa buibui jipya na hina mikononi kama bibi harusi, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Kwenye ngazi za duka la mabati alisimama, akashika ukuta, akasema turudi. Alisema simu ni mtu mmoja anakusikia, na dawa ya panya mtu akikosea anarekodi upya. Hapa wanaingia hewani moja kwa moja, na ni majina ya watu waliokufa. Akikosea jina la marehemu mbele ya wafiwa wote wa Kwale nzima, atatembea wapi tena?

Ningeweza kumwambia kwamba anaweza, lakini alikuwa akinijua mno. Nilimshikia mkoba. Tukasimama pale, watu wakitupita na mabomba ya chuma, mpaka msichana wa redio akafungua mlango juu na kumwita. Nadhani aliingia kwa sababu aibu ya kushuka mbele ya wauza misumari ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kupanda.

Mimi nilibaki chini, kwenye benchi la mlinzi. Alikuwa kijana kutoka Kitui, ana redio ndogo imefungwa kwa raba kwenye kiti chake. Muziki ukakatwa. Pakawa kimya kirefu, kirefu kuliko inavyofaa redioni, na mlinzi akaigonga redio yake kwa kidole akidhani imekufa betri. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Kisha akaanza.

Alimtangaza mzee mmoja wa Shimba Hills. Alitaja jina lake lote, la baba yake na la babu yake, na kila jina alilipa nafasi yake ya kukaa. Alitaja watoto, walioko hapa na walioko mbali. Alitaja alikokuwa akifanya kazi, na mahali pa mazishi, na njia ya kufika, mtu apite kituo kipi na kushoto ni wapi. Ilipofika innalillahi wainna ilaihi rajiuna, sauti haikuwa ya simu wala ya dawa. Wauza mabati waliacha kukata mabati. Mteja mmoja alivua kofia, na mzee wa Shimba Hills hakuwa jamaa yake.

Mlinzi alitikisa kichwa. "Huyu mathe akisoma," aliniambia, "mtu anaskia tu kutaka kukufa."

Alipotoka alikuwa amelowa jasho, buibui limegandamana mgongoni. Alishuka ngazi moja moja, akishika ukuta, akakaa kati yangu na mlinzi bila kuomba nafasi. Kisha akaniuliza, akitazama barabarani, wamesemaje huku chini.

Nikamwambia alivyosema mlinzi.

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akauweka sawa kichwani.

"Mwambie apange foleni," alisema.